Websaiti Iliyomfanya Mama Mkwe Wangu Mjane

Kosa ni langu. Naanza hapo kabla mtu mwingine hajanisemea. Kwa miaka mingi nimewaambia watu ni kompyuta, ni yule kijana wa Nairobi, ni laini mbaya ya simu. Uongo! Ni mimi. Mkono wangu huu ndio ulioandika "weka vile utaona inafaa", na mkono huu huu ukaandika maneno mengine mabaya zaidi, ambayo nitawaambia mkinivumilia.

Jina langu halitawasaidia. Majina ya wengine nimebadilisha, maana bado tunaketi kanisa moja.

Ilikuwa mwisho wa miaka ya tisini, baada ya zile mvua kubwa zilizobeba madaraja. Nilikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi ya mradi wa maji mjini Kitui. Nyumbani nilikoolewa ni upande wa Kalamba, kule Makueni. Bwanangu Mutua alikuwa mwalimu huko, akikaa na watoto wetu katika boma la wazazi wake, na mimi nilikuwa nafika mwisho wa mwezi.

Ofisini tulikuwa na kompyuta moja yenye intaneti. Ilipitia kwa waya wa simu, inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na mtu akipiga simu kila kitu kinakatika. Lakini mimi niliijua! Wenye imeili Kitui wakati huo tulikuwa wa kuhesabu. Na nilijivuna. Haki ya Mungu, nilijivuna.

Mama mkwe wangu, Mama Syombua, alikuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisa waliokuwa wakisuka vyondo, vile vikapu vyetu vya Ukambani. Si vile vya kubebea maharagwe tu. Vyondo vya mkonge uliotiwa rangi ya magome ya miti, kazi ya mikono mpaka unaogopa kuviweka chini. Shida ilikuwa mabroka. Walikuwa wanakuja na lori mpaka Salama, pale kwenye barabara ya Mombasa, wanabeba vyondo kwa bei ya kutupa, halafu wanaenda kuuzia watalii.

Jumapili moja baada ya ibada nikasimama mbele ya chama nikasema, "Akina mama, kuna kitu kinaitwa websaiti. Ni kama duka, lakini mtu wa Ulaya anaingia akiwa nyumbani kwake, anaona kyondo chako, anaagiza."

Mama mmoja akauliza, "Na akiingia aibe?"

Tulicheka sana. Mama Syombua akanyamazisha watu kwa mkono. "Mtoto wetu amesoma," akasema. "Kama anajua hiyo njia, tumpe hii kazi aifanye."

Hakusema mke wa mtoto wetu. Alisema mtoto wetu. Hilo neno linaniuma hadi leo.

Sasa, mimi kutengeneza websaiti sikujua. Nilijua kutuma barua na kusoma. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja kwenye intaneti ambapo watu walibandika matangazo ya kazi, kama ubao wa posta. Nikaandika pale: chama cha akina mama wanatafuta mtu wa kuwatengenezea websaiti ya vyondo. Ndani ya wiki moja watu wawili walinijibu. Wote walisema wako Nairobi.

Wa kwanza alikuwa mwanamke. Huyo alikuwa na maswali! Nani ataandika maneno? Nani atayasoma kabla hayajatoka? Nani atashika neno la siri la kufungua ukurasa, mimi au nyinyi? Naweza kuja Kalamba siku moja niwaone hao akina mama wakisuka? Nikasema, huyu anataka kunizungusha. Huyu anataka kunionyesha sijui kitu.

Wa pili alijiita Derrick. Yeye aliandika mistari minne. Kazi ni wiki mbili. Hakuna haja ya kuonana. Nitumie picha na stori kidogo za wamama, mengine niachie mimi.

Nikamchagua Derrick. Si kwa sababu alikuwa mzuri kuliko yule mwingine. Ni kwa sababu hakuniuliza kitu ambacho sikuwa na jibu lake.

Nilikopa kamera ya ofisi nikaenda nayo nyumbani. Siku ya picha Mama Syombua alivaa kitambaa chake cha kanisa, cheupe pe, akaketi kwenye kiti na kyondo kikubwa mapajani. Nikamwambia, "Mwaitu, mama yangu, tayari." Akasema, "Ngoja. Sijawahi kupigwa picha peke yangu tangu niolewe." Akamwita Mzee Muthoka, baba mkwe wangu, mzee mstaafu wa reli na shemasi wa kanisa. Mzee akaja akifunga vifungo vya koti, akasimama nyuma ya kiti, akaweka mkono kwenye bega la mkewe. Nikapiga.

Picha zilipotoka nikazituma kwa posta kwenye sanduku alilonipa Derrick, na malipo yake nikatuma kwa moni oda. Stori nikaandika kwa imeili. Ya mama mkwe ilikuwa hivi: Mama Syombua anasuka tangu akiwa msichana. Mume wake alifanya kazi ya reli. Wana watoto wanne, na kitinda mimba wao anasoma uinjinia India. Basi. Ukweli mtupu.

Derrick akajibu kwamba stori yangu ni baridi. Aliandika Kiingereza laini, mimi nawapa kwa Kiswahili: "Dada, mzungu hanunui kwa mtu aliyeshiba. Niruhusu niongeze chumvi kidogo."

Nikaandika: Weka vile utaona inafaa.

Sentensi moja! Nilikuwa na haraka, bosi alikuwa anataka barua zake.

Baada ya wiki mbili, kweli, akaniambia kazi iko tayari, angalia uniambie kama niifungue kwa watu. Nikafungua. Picha zilikuwa zinashuka polepole kama maji kwenye mfereji wa kiangazi. Kwanza anga, halafu kitambaa cheupe, halafu uso wa mama mkwe wangu ukitabasamu. Rangi zilikuwa nzuri! Vyondo vimepangwa kama dukani. Chini kulikuwa na maneno mengi ya Kiingereza. Sikuyasoma. Simu ya ofisi ilikuwa inangojewa. Nikaandika "safi sana, fungua", na kwa furaha nikatuma ile anwani kwa shemeji yangu Kyalo kule India. Ndiye mtu pekee wa familia aliyekuwa na imeili. Nikamwambia, shem, nenda umwone mama yako ulimwenguni!

Kama kuna dakika kumi ningeomba nirudishiwe katika maisha yangu, ni hizo za kusoma yale maneno.

Oda ya kwanza ilikuja siku chache baadaye, kutoka kwa mama mmoja wa Uingereza. Alitaka vyondo sita. Halafu chini akaandika: nakupa pole sana kwa kifo cha mume wako.

Nikasoma mara mbili. Kifo cha nani?

Nikafungua websaiti. Safari hii nilisoma. Chini ya picha ya mama mkwe wangu palikuwa pameandikwa kwamba huyu ni Syombua, mjane. Kwamba ukame ulimchukua mumewe, na sasa anasuka usiku na mchana apate mlo mmoja. Kwamba kila kyondo unachonunua ni sahani ya chakula mbele yake.

Na picha! Nilikuwa sijaiangalia vizuri. Derrick alikuwa amemkata Mzee. Amemtoa kabisa, koti na kila kitu. Vilibaki vidole vinne tu kwenye bega la mama mkwe wangu, bila mwenyewe.

Woi! Kwetu huwezi kusema mtu amekufa na yuko hai. Si mchezo hata wa watoto. Na huyu ni baba mkwe wangu, mtu ambaye hata kupita mbele yake nilikuwa napita kwa adabu. Mimi ndiye niliyemzika!

Nikamwandikia Derrick siku hiyo hiyo: toa hayo maneno sasa hivi. Akajibu baada ya siku tatu. "Dada, oda zimekuja au hazijakuja? Sasa niko kwa kazi nyingine. Nitabadilisha nikipata nafasi." Nikamwambia basi nipe neno la siri nitafute mtu mwingine abadilishe. Kimya. Kumbe ukurasa wote ulikuwa umeandikishwa kwa jina lake. Duka letu, funguo zake. Nikaandika tena na tena. Kimya! Kwake sikujua, uso wake sikujua, hata kama Derrick ni jina lake sikujua.

Sasa hapo ningefanya nini? Mtu mwenye akili angepanda gari siku hiyo, afike nyumbani, apige magoti aseme, nimekosea. Mimi nilikaa Kitui. Nikawaza aibu. Nikawaza wale akina mama walionipigia makofi. Nikajiambia, acha kwanza itolewe, halafu siku moja nitawasimulia kama kichekesho.

Ndipo ikaja imeili ya Kyalo. Ilikuwa fupi. "Shem, nimeona picha ya mama. Wameandika mjane. Baba yuko wapi? Niambie ukweli, mimi si mtoto."

Wasomaji wangu, maneno mawili yangetosha. Baba yupo. Mtoto wa nasari anaweza kuyaandika. Lakini nilijua nikiyaandika atauliza, basi nani aliandika kwamba hayupo? Na jibu lilikuwa mimi. Angemwandikia Mutua, Mutua angemwambia Mzee.

Kwa hivyo nikaandika hivi: "Shem, usijali mambo ya huku. Nyumbani ni salama. Soma kwanza umalize mtihani. Tutaongea ukija."

Nikatuma nikapumua. Niliona nimecheza vizuri.

Mnajua nilikuwa nimesahau nini? Ama nilijisahaulisha, Mungu ndiye anajua. Miaka miwili kabla ya hapo, nyanya yao alipofariki, Kyalo alikuwa katikati ya mitihani. Familia iliamua asiambiwe, asije akaanguka. Akaandikiwa barua: nyumbani ni salama, soma kwanza, tutaongea ukimaliza. Alikuja kujua nyanya yake amezikwa miezi mingi imepita, na huyo nyanya ndiye aliyemlea. Alilia kwa barua. Akaapa hatafichwa tena.

Na mimi nilimwandikia karibu maneno yale yale!

Hakujibu. Nikasema, ameelewa.

Mwisho wa mwezi nikaenda nyumbani. Jumamosi asubuhi nilikuwa uani nachambua ndengu. Mzee Muthoka alikuwa ameketi karibu na ghala akitia jembe mpini mpya. Wiki sita alikuwa hajatoka bomani, alijikata mguu shambani na kidonda kilikuwa kinapona polepole. Mama Syombua alikuwa mlangoni na mkonge wake.

Mtu akaingia langoni. Suti nyeusi, imemzidi mabega, na begi moja dogo. Sikumtambua kwanza kwa vile alivyokuwa amekonda. Hakupiga hodi. Hakuangalia nyumba. Alitembea moja kwa moja kuelekea kule mwisho wa shamba, kwenye kaburi la nyanya, huku macho yakitembea chini. Alikuwa anatafuta udongo mpya.

Mzee akainua kichwa. "Ni nani huyo anapita kwa watu bila salamu?"

Yule mtu akasimama. Begi likaanguka. Akageuka taratibu, na nikaona ni Kyalo.

"Baba?"

"Ndiyo, baba! Na wewe umetoka wapi? Mitihani imeisha?"

Kyalo alipiga magoti pale pale kwenye vumbi. Sikuwahi kusikia mwanamume akilia vile. Alikuwa analia na kucheka pamoja, anamshika Mzee miguu, mikono, uso, kama kipofu. Mzee alikuwa anasema tu, "Kwani ni nini? Kwani ni nini?" Mama Syombua akaja mbio, Mutua akatoka ndani ya nyumba na chaki bado mkononi, maana alikuwa anafundisha watoto wetu hesabu.

Kyalo akatoa mfukoni karatasi mbili zilizokunjwa. Moja ilikuwa ule ukurasa, ameuchapisha. Ya pili ilikuwa imeili yangu.

Akatueleza. Aliposoma jibu langu alijua anafichwa. Akapiga simu Salama, kwa duka moja lililokuwa linapokea simu zetu. Mwenye duka akamwambia, "Mzee Muthoka? Huyo sijamwona siku nyingi." Basi. Akauza vitabu vyake, akakopa wenzake, akapanda ndege. Mtihani wa mwisho wa miaka minne ulikuwa umeanza siku tatu kabla hajafika kwetu. Aliuacha.

Mutua alisoma zile karatasi. Mama Syombua hakujua Kiingereza. Akauliza, "Inasema nini?" Akauliza tena.

Mzee akachukua karatasi kutoka kwa Mutua, akaisogeza mbali na macho, akasoma. Halafu akasema, pole pole, bila hasira, "Inasema mimi nimekufa, na wewe unalala njaa."

Mama Syombua akaiangalia ile picha. Akaweka kidole kwenye vile vidole vinne vilivyobaki begani mwake. Akanigeukia.

"Na huu mkono," akaniuliza, "ulifikiri ni wa nani?"

Ndengu zilikuwa zimemwagika, kuku wanakula.

Nitawaambia kilichonigharimu, lakini wenzangu kiliwagharimu zaidi.

Chuo kilimwambia Kyalo angoje mwaka mwingine. Ruhusa yake ya kukaa kule ikaisha, na nyumbani hakukuwa na cha kumrudisha. Hakurudi. Leo anatengeneza pampu za visima, na wahandisi wenye vyeti wanamwamuru afunge nati na hali anajua kuwazidi. Hajawahi kunitukana. Ananiita shem kama zamani. Ni afadhali angenitukana.

Chama nacho kilivunjika. Oda zilikuwa zinakuja kweli, watu wa mbali walikuwa wanaona huruma, na baadhi ya akina mama wakasema, tuache hivyo hivyo, kwani inamdhuru nani? Mama Syombua akasimama kanisani akasema, "Kyondo changu hakitauzwa kwa kifo cha mzee wangu." Akaacha uenyekiti. Akina mama wakagawanyika makundi mawili, na wengine hawasalimiani hadi leo.

Wazee wa kanisa wakaniita nijieleze. Na hapo, jamani, nikakosa mara ya tatu! Nilisimama mbele ya watu nikasema mtu wa kompyuta alituchezea. Sikusema nilimruhusu. Sikusema sikusoma. Nikaonewa huruma hata! Mutua alikuwa ameketi benchi la pili akiniangalia. Yeye alikuwa amesoma zile karatasi, alijua nilivyomjibu Kyalo. Hakunipiga, hakunifukuza. Aliacha tu kuniuliza maoni juu ya kitu chochote, na hivyo ndivyo tumeishi.

Na ule ukurasa? Ulikaa pale zaidi ya mwaka. Kila Ijumaa nilikuwa naufungua ofisini nikiomba uwe umepotea, na kila Ijumaa picha ilikuwa inashuka polepole, anga, kitambaa cheupe, tabasamu. Siku moja haukufunguka tena. Sijui Derrick alichoka au alisahau kuulipia.

Mzee Muthoka alinisamehe. Alinitumia mtu aniite, akanikaribisha chai, akasema, "Mama, mimi niko. Kunywa." Nilikunywa nikilia. Lakini kusamehewa na kutengeneza ni vitu viwili.

Sasa nawasihi, nyinyi mnaotafuta watu wa kazi kwenye intaneti, watu ambao hamjawahi kushikana mikono. Siwaambii msiwatafute. Wako wema wengi. Lakini yule anayekusumbua kwa maswali ndiye anayetaka kufanya kazi yako. Yule anayekwambia niachie mimi, mwogope! Funguo za duka lako ziwe mfukoni mwako kabla hujatangaza duka. Usimpe mtu ruhusa ya kuongeza chumvi kwa maisha ya mwingine ambaye hajaulizwa. Na usome! Kama Kiingereza kinakushinda, tafuta mwalimu akusomee neno kwa neno, hata kama bosi anangoja, hata kama simu inalia.

Na hili ni la mwisho, la watu wote, hata wasiojua kompyuta ni nini. Mtoto wa mtu akikuuliza kama baba yake yu hai, mjibu siku hiyo hiyo. Usimwambie asome kwanza. Usimwambie mtaongea akija. Aibu yako inaweza kungoja. Yeye hawezi.